Lenzi moja ya makro kwa kazi zote: 60mm inatosha au niende 100mm?

#1 Panzi Kijani
Wakuu, salaam. Natumia Canon 80D, nina 18-55 na 55-250 STM. Napiga kwa kupenda tu, siyo biashara: wadudu na maua wikiendi, mara mojamoja pete na mikono ya hina kwenye harusi za ndugu, na sura za watu. Bajeti ni ya lenzi moja ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu), ya mtumba ikibidi.
Hoja yangu: EF-S 60mm f/2.8 ina kazi nyingi kuliko 100mm. Ni gramu 335 tu, inafika 1:1 (mdudu wa sentimita moja anachukua sentimita moja ya sensa) sawasawa na 100mm, na kwa sensa ya 80D inaona kama 96mm, urefu mzuri kwa sura. 100mm itakuwa ndefu mno ndani ya nyumba. Anayepinga aje na sababu, siyo "100 ndiyo mpango mzima".

#2 Kerengende
Napinga, na sababu ni umbali. Ile namba ya fokasi ya karibu kabisa iliyoandikwa kwenye lenzi inapimwa kuanzia kwenye sensa, siyo kwenye kioo cha mbele. 60mm imeandikwa sentimita 20. Toa kina cha kamera na urefu wa lenzi, unabaki na kama sentimita 10 kati ya kioo na mdudu. 100mm imeandikwa sentimita 30 (ile ya L, daraja la juu la Canon) au 31 (ya zamani), unabaki na kama 15. Hizo tano ndizo zinazoamua kama mdudu atatulia au ataruka, na kama kivuli cha lenzi kitaangukia ua.

#3 Mama Tausi
Panzi, kwenye harusi hoja yako inasimama. Piga hesabu kwa 80D. Sura na mabega, fremu ya wima yenye sentimita 60: kwa 60mm unasimama kama mita 1.7, kwa 100mm mita 2.8. Mtu mzima kutoka kichwani hadi miguuni: 60mm kama mita 5, 100mm zaidi ya mita 8 na nusu. Chumba cha bibi harusi chenye kitanda, kabati na mashangazi sita hakina mita 8. Kiganja chenye hina ni rahisi kwa zote mbili, 60mm unasogea hadi sentimita 60 hivi, 100mm kama mita moja.

#4 Kokoto
Na 60mm ina faida nyingine, kina cha fokasi (unene wa sehemu inayotoka kali) ni kikubwa kuliko cha 100mm, kwa hiyo mdudu anatoka mzima mzima. Lenzi fupi siku zote ina kina zaidi.

#5 Fundi Prizimu
Kokoto, hapana. Hiyo ni kweli ukisimama sehemu ileile na kubadilisha lenzi. Kwenye makro unasogea hadi mdudu awe na ukubwa uleule kwenye sensa, na hapo kina kinaamuliwa na ukuzaji na tundu (ile namba ya f: namba ikipanda, tundu linapungua), urefu wa lenzi karibu hauna kazi. Kwa sensa ya 80D:
1:1 kwa f/8, kina ni kama milimita 0.6
1:1 kwa f/11, kama 0.8
1:1 kwa f/16, kama 1.2
1:2 kwa f/8, kama 1.8
Iwe 60, 100 au 180, namba ni hizohizo. Kinachobadilika ni mandhari ya nyuma. 100mm inakata kipande chembamba cha nyuma, majani yaliyovurugika yanageuka rangi moja laini. 60mm inaingiza nyasi, ukuta na ndoo ya jirani.

#6 Ukindu
Mbona mnamtoa mtu hela kabla hajatumia alichonacho? Ana 55-250 STM. Achukue Raynox DCR-250, kioo cha kukuzia, inabanwa mbele kwa vile vishikio viwili vya pembeni (inakubali filta za milimita 52 hadi 67, yake ni 58). Kwa 250mm anapata karibu 2:1, ambayo hakuna 60 wala 100 ya Canon EF itakayompa peke yake. Na inaingia mfukoni.

#7 Panzi Kijani
Ukindu, hiyo 2:1 unaipataje? Na mdudu anakuwa mbali kiasi gani?

#8 Ukindu
Hesabu ni hii: urefu wa lenzi kwa milimita, zidisha diopta (nguvu ya kioo), gawanya kwa 1000. DCR-250 ni diopta 8. 250 × 8 ÷ 1000 = 2. Kwa 125mm ni 1:1. Umbali kutoka kwenye Raynox hadi kwa mdudu ni 1000 ÷ 8 = milimita 125, lenzi ikiwa imewekwa fokasi ya mbali kabisa, na haubadiliki ukizungusha zumu. Yaani unazumu bila kusogea. Ukitaka upole zaidi kuna DCR-150, diopta 4.8: kwa 250mm inakupa 1.2, na umbali ni kama sentimita 20. Chini ya 100mm hivi pembe za picha zinakuwa nyeusi, usishangae.

#9 Kerengende
Raynox ni nzuri, sibishi. Lakini mleta mada kasema lenzi ya kazi zote. Ukiibana, fokasi inafanya kazi kwenye kipande kifupi tu cha umbali. Kipepeo akikaa mita moja kutoka ulipo, ubandue. Akisogea, ubandike. Lenzi halisi ya makro inatoka mlima wa mbali hadi jicho la nzi bila kugusa chochote, na ndiyo maana watu wanailipia.

#10 Shata ya Pili
Niongeze za bei ya chini ili orodha ikamilike.
Mabomba ya kuongeza urefu (12, 20 na 36mm): unagawanya urefu wa bomba kwa urefu wa lenzi, hiyo ndiyo nyongeza ya ukuzaji. 36mm kwenye lenzi ya 50mm inaongeza 0.72, safi. Kwenye 250mm inaongeza 0.14, hasara tupu. Na kwenye 18-55 ikiwa 18mm, sehemu ya fokasi inaangukia ndani ya lenzi yenyewe, huoni kitu. Nunua yenye mguso wa umeme, yale ya chuma tupu yanaacha tundu wazi muda wote kwa sababu Canon inaamrisha tundu kwa umeme.
Kugeuza lenzi kinyume kwa ringi: 18-55 ikigeuzwa kwa 18mm inakuza kuliko lenzi zote zilizotajwa hapa, ila mdudu anakaa sentimita nne hivi kutoka kwenye kioo. Kwa Canon weka f/8, bonyeza kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi, na ukiwa bado umekishikilia ng'oa lenzi. Tundu linabaki limefungwa. Geuza, funga.

#11 Nyangumi wa Pemba
Wenye Nikon mmetusahau. D5600, nimepewa bei ya Tamron 90mm f/2.8 ya zamani, 272E. Inafaa?

#12 Fundi Prizimu
Kioo chake ni kizuri sana, Tamron wanatengeneza makro ya 90mm tangu 1979. Ila D5600 haina mota ndani ya kamera. 272E ya Nikon ilitoka ya aina mbili: ya mwanzo haina mota, ya baadaye inayo. Geuza lenzi uangalie ringi ya chuma ya nyuma. Ukiona kishimo chenye umbo la bisibisi, hiyo inategemea mota ya kamera na kwako utazungusha fokasi kwa mkono tu. Lenzi ikiwa na mota yake hicho kishimo hakipo. Tokina 100mm ya zamani ya Nikon ina shida hiyohiyo, na Micro 60mm ya herufi D pia.
Halafu ujue 272E inarefuka ikikaribia 1:1. Inatoka mbele sana, kwa hiyo unabaki na kama sentimita 10 tu, sawa na 60mm ya Panzi. "90" isikudanganye.

#13 Kerengende
Nyangumi, na muuzaji akikupa Micro 40mm ya DX (ya sensa ndogo za Nikon), ni kali kwa chakula, maua na kunakili nyaraka, inafika 1:1 pia. Ila kwa 1:1 mdudu yuko kama sentimita tatu na nusu kutoka kwenye kioo. Buibui mrukaji ataruka juu ya lenzi.

#14 Kokoto
Mimi nina zumu ya 70-300 na ubavuni imeandikwa MACRO kabisa, tena ina swichi. Kwani hiyo siyo makro?

#15 Mama Tausi
Inaishia 1:2 Kokoto, tena ikiwa 300mm, na fokasi yake ya karibu kabisa ni sentimita 95. Kwa kipepeo mkubwa inatosha na kuzidi: mabawa ya sentimita 10 kujaza sensa ya 80D yanahitaji 1:4 na nusu tu. Pete ya sentimita 2 ndiyo inayotaka karibu 1:1. Wengi mnatafuta 1:1 kwa vitu ambavyo haviihitaji.
Na mwenye Nikon asichanganywe: wao huandika Micro kwenye lenzi zao za makro.

#16 Panzi Kijani
Naomba niulize kitu kabla sijanunua chochote. Nimepachika picha ya nyigu hapo chini. 55-250 kwa 250mm na bomba la 20mm, f/22, shata 1/160, ISO 800, kwa mkono, bila flashi. Yote laini, hata macho. Kama tatizo ni mimi, lenzi mpya haitaniponya.

#17 Fundi Prizimu
Tatizo ni f/22. Ukikaribia kitu, tundu halisi linakuwa dogo kuliko lililoandikwa: zidisha f kwa moja kujumlisha ukuzaji. Wewe uko kama 0.37, kwa hiyo f/22 yako inafanya kazi kama f/30. Hapo mwanga ukipita kwenye tundu dogo unatawanyika, na kila nukta inakuwa duara la mikroni 40 hivi. Pikseli moja ya 80D ni kama mikroni 3.7. Nukta moja imemwagika juu ya pikseli kumi, hakuna lenzi itakayookoa hilo. Kwa 1:1 usizidi f/11 iliyoandikwa, ambayo tayari ni kama f/22 halisi. Ya kupendelea ni f/8.
Kwa faida ya Nyangumi: Nikon inakuonyesha tundu halisi. Micro 105mm VR ikifika karibu kabisa kamera itasema f/4.8 badala ya 2.8. Haijaharibika.

#18 Shata ya Pili
Fundi, fizikia sawa, lakini kutawanyika kwa mwanga kunaleta ulaini wa namna moja picha nzima, na ukinoa kwenye kompyuta kiasi kinarudi. Kuzeni picha ya Panzi. Kale kang'ao kwenye jicho la nyigu hakajawa duara, kamekuwa mstari mfupi wa kushuka kulia. Huo ni mtikisiko. 1/160 kwa 250mm kwenye sensa ndogo ni kujitakia. Angekuwa na flashi, hata f/16 ingekuwa safi zaidi ya hii.

#19 Kerengende
Nami naona la tatu. Nyigu kakaa mshazari, kichwa kiko mbele na kiuno kiko nyuma kama milimita nane. Fokasi imeangukia kwenye bawa. Angalieni mshipa wa bawa la kushoto una ukali kidogo kuliko jicho. Sogea mpaka ubavu wa mdudu ulingane na bamba la nyuma la kamera, ndiyo utumie kina chako chote.

#20 Ukindu
Au bomba lenyewe. Ya plastiki yanacheza ukishika lenzi nzito, na ndani yanang'aa, mwanga unaruka na kupunguza ukolezo. Panzi, liangaze kwa tochi ndani. Kama linang'aa, bandika kitambaa cheusi cha mahameli. Na ufute kioo cha mbele, hapa Pwani chumvi ya hewani inaweka utando mtu asiouona mpaka apige kuelekea mwanga.

#21 Panzi Kijani
Sababu nne, watu wanne. Nitajaribu moja moja. Nikianza na flashi, nianzie wapi? Nina Godox TT685.

#22 Shata ya Pili
Anza hivi:
Kamera kwenye M (unapanga mwenyewe). Shata 1/200 (80D na flashi inafika 1/250, acha nafasi). f/8. ISO 200.
Flashi kwenye M pia, nguvu 1/16. Picha ikiwa na giza panda 1/8, ikiungua shuka 1/32. Kwa nguvu ndogo namna hiyo flashi inawaka muda mfupi mno kuliko shata, na huo muda ndio unaogandisha mdudu.
Difyuza (kitawanya mwanga) ndiyo roho ya jambo lote. Chukua boksi gumu la nafaka, kata upate njia pana inayotoka kwenye flashi kuja juu ya ncha ya lenzi. Ndani bandika karatasi ya aluminiamu. Mdomo wake uwe na upana wa kama sentimita 20, uinamie mdudu. Funga mdomo kwa ile foam nyeupe nyembamba inayofungiwa runinga mpya, tabaka mbili, na kati ya tabaka uache sentimita mbili tatu ili mwanga utawanyike kabla ya kufika la pili.
Kosa la wengi: difyuza ndogo iliyo mbali. Mbawakawa ni kioo, anaakisi kila kitu. Ukiona doa jeupe dogo lililoungua mgongoni, difyuza ni ndogo au iko mbali.

#23 Mama Tausi
Na mandhari ya nyuma inatoka nyeusi kama usiku, hilo hujamwambia. Kwa kinyonga mchana sipendi kabisa.

#24 Shata ya Pili
Nyuma ikiwa mbali inakuwa nyeusi, ndiyo. Dawa ni mbili: pandisha ISO 640 hadi 800 na ushushe shata 1/100, mwanga wa jua ujaze nyuma, au weka jani nyuma ya mdudu kwa sentimita 10 hivi. Ya kwanza inarudisha hatari ya mtikisiko. Chagua sumu yako.

#25 Kerengende
Ndiyo maana naipenda alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu, umande upo, mdudu bado kapoa, hana haraka. Milimani kama Lushoto au Amani unapata hata saa nzima, kerengende kaloa matone na hasogei. Dar usiku wenyewe joto, wanaamka mapema na upepo wa bahari unaanza. Na tafadhali, habari ya kuweka mdudu kwenye friji ili atulie tuiache. Anaonekana amekufa kwenye picha, miguu imekunjwa, na mara nyingi anakufa kweli.

#26 BinAmani
Ukitaka Amani kuna vinyonga mbilikimo chini kwenye majani makavu, wadogo kuliko kidole, rangi ya jani bovu. Hapo 100mm inamshinda 60 waziwazi, kwa sababu unalala chini na huwezi kusogeza kichwa karibu bila kutikisa majani. Usimwokote umweke kwenye kitawi kizuri. Mpige alipo. Na ule urujuani wa Usambara, Saintpaulia, unapenda mwamba wenye kivuli, hapo unahitaji tripodi ya chini au mfuko wa mchele kuwekea kamera.

#27 Nyangumi wa Pemba
Kuhusu tripodi, hivi kituliza mtikisiko kina maana kwenye makro? Kuna tofauti kubwa ya bei kati ya 100mm ya L na ile ya kawaida.

#28 Fundi Prizimu
Canon wenyewe wanasema L ya 2009 inatuliza stopu 4 (kila stopu shata inaweza kuwa ya polepole mara mbili) kwa umbali wa kawaida na stopu 2 tu ukifika 1:1. Kwa hina, chakula na sura ni msaada mkubwa. Kwa mdudu anayepigwa kwa flashi ni msaada wa macho tu: picha unayoiona kwenye kitundu cha kutazamia inatulia, unapata pa kushika. Wala haizuii wewe kuyumba mbele na nyuma ukatoka nje ya ule unene wa milimita 0.6, ingawa kituliza cha L kinahisi kuyumba kwa pembeni pia, siyo kuinama tu.
Kingine cha L ni swichi ya umbali yenye sehemu tatu: yote, 0.3 hadi 0.5, na 0.5 hadi mbali. Ile ya kawaida ina mbili. Bila swichi, fokasi ikikosa inasafiri kwenda mwisho na kurudi, na kipepeo kaondoka.
Kwa ukali wa picha, ile ya kawaida ya USM haiachwi mbali. Hela inayobaki inunue difyuza na betri.

#29 Kokoto
Kwani fokasi ya kamera inatumika kwenye 1:1? Nilisoma kwamba wote wanazungusha kwa mkono.

#30 Kerengende
Hata kuzungusha hawazungushi. Weka ukuzaji unaotaka, zima fokasi ya kamera, kisha yumba mbele taratibu, ubonyeze jicho likiwa kali. Kiwiko ubavuni, au kidole gumba cha kushoto na lenzi vyote vimeegemea shina moja na mdudu.

#31 BinAmani
Si kwa wote. Kwa 1:2 kwenda chini, fokasi ya kufuatilia yenye nukta moja juu ya jicho inafidia kuyumba kwako vizuri tu, hasa kwa zile 100mm zenye mota ya USM. Kwa 1:1 nakubali, zima.

#32 Ukindu
Mnaposema kuzima fokasi, basi tuzitaje Laowa: 60mm na 100mm zote zinafika 2:1, bila nyongeza yoyote mbele. Ni za mkono. Kabla ya kununua uliza kama toleo la kamera yako lina mguso wa umeme, la sivyo unafunga tundu mwenyewe na kitundu kinakuwa giza kabla hujapata fokasi.

#33 Mama Tausi
Kwa sura za watu lenzi ya mkono kwa f/2.8, usimshauri mtu wa harusi hivyo. Mtoto anacheka nusu sekunde.
Nirudi kwenye pete maana hamkuzigusa. Dhahabu inaakisi chumba chote, mpaka fulana yako. Tengeneza hema la karatasi nyeupe la kimo cha sentimita 15, toboa tundu la kupitisha lenzi, mulika kutoka nje ya hema pande mbili. Umbali wa 100mm unasaidia hapo, tundu linakuwa dogo na doa jeusi la lenzi kwenye dhahabu linapungua. f/11, tripodi, ISO 100, shata yoyote kwa sababu pete haiendi popote. Kama ni tanzanaiti, weka rangi ya mwanga kwa mkono, usiiachie kamera: jiwe hilo linatoa buluu au zambarau kulingana na upande unaolitazama, na kamera ikijipangia rangi unapata jiwe tofauti kila picha.
Na hudi (kikingio cha mbele) ya L ni ndefu, ivue ukifika 1:1, inakula umbali na mwanga.

#34 Fundi Prizimu
Pete na vitu visivyosogea unaweza pia kupandanisha picha. f/5.6 kwa 1:1 ina kina cha milimita 0.4, sogea 0.3 kila picha kwa reli. Kito chenye urefu wa milimita 6 ni picha ishirini na kitu. Programu za Helicon Focus au Zerene Stacker zinaunganisha. Mdudu aliye hai kwenye upepo, usijaribu zaidi ya picha tatu nne.

#35 Nyangumi wa Pemba
Swali la pembeni. Tuna negativu nyingi za kizamani za familia, za 35mm. Makro inaweza kuzinakili?

#36 Mama Tausi
Hiyo ndiyo kazi ambayo lenzi ya makro haina mpinzani, kwa sababu imetengenezwa kunoa bapa mpaka kwenye pembe. Kwa sensa yako ni ukuzaji wa 0.6 na kitu, wala 1:1 haihitajiki. Kamera ikiangalia chini, f/8, ISO 100, RAW, shata kwa saa ya sekunde mbili. Chini tumia bamba la mwanga, au tableti yenye skrini nyeupe. Kwa tableti inua negativu sentimita tano juu ya skrini, la sivyo utanakili pikseli zake. Vumbi liondoe kwa pampu ya hewa, usifute na kitambaa.

#37 Ukindu
Na kama negativu zina kuvu, zitenge na lenzi zako. Pwani hii kuvu haina huruma.

#38 Panzi Kijani
Hapo kwenye kuvu. Nimepata 100mm ya USM isiyo L, mtumba, muuzaji yuko Kariakoo. Nikaguaje?

#39 Ukindu
Fungua vifuniko vyote viwili, weka tundu wazi, mulika tochi kutoka nyuma kwa mshazari ukitazama kupitia mbele, kisha geuza. Kuvu inaonekana kama nyuzi za utando wa buibui au matawi madogo. Vumbi la punje chache si kitu. Ukungu mweupe wa kufunika kioo kizima, achana nayo. Ukinunua, itunze kwenye chombo cha plastiki kinachofunga kabisa chenye jeli ya silika na kipimo cha unyevu, kaa kati ya asilimia 40 na 50. Mfuko wa ngozi ndio nyumba ya kuvu, usihifadhie humo.

#40 Shata ya Pili
Funga kwenye kamera yako, weka f/16, bonyeza kile kitufe cha kuonyesha kina: mabamba ya tundu yafunge papo hapo, yawe makavu. Mafuta juu ya mabamba yanayafanya yachelewe, na picha zinatoka nyeupe kupita kiasi. Zungusha fokasi mwanzo hadi mwisho, sikiliza mkwaruzo.
Ukikutana na ya L, ikitikiswa bila umeme inagonga ndani. Hicho ni kituliza kikiwa huru, ni kawaida yake.

#41 Kerengende
60mm ya EF-S ukiinunua leo, ukija kuhamia fulu fremu (sensa kubwa) ya Canon ya vioo haifungi kabisa. Kwenye zile za RF (zisizo na kioo) kwa adapta inafunga lakini kamera inakata picha kuwa ya sensa ndogo. 100mm inakwenda nawe kote.

#42 Mama Tausi
Hajasema anahamia. Mtu na 80D yake, chumba cha mita nne, bado nasema 60.

#43 BinAmani
Mwambie basi asimame nje ya dirisha.

#44 Fundi Prizimu
Panzi, ukienda beba rula ya chuma na gazeti. Gazeti libandike ukutani bapa, piga kwa f/4 kutoka mita moja, kuza pembe zote nne: moja ikiwa laini kuliko wenzake, lenzi ilidondoka. Rula ilaze, sogeza fokasi hadi mwisho wa karibu na uyumbe mpaka mistari iwe mikali. Kwa 80D upana wa picha uonyeshe milimita 22 na nusu. Zikionekana 30, pete ya fokasi haifiki mwisho na 1:1 hiyo hupati, hata muuzaji aapeje.